Paka Hana Hatia

Ghorofa ya pili, juu ya duka la vitasa
Jumapili, 9 Machi

Mpendwa mdogo wangu Kijiko,

Salamu nyingi sana, na pole na baridi ya huko. Kiuno kimekaa sawa? Na shemeji, bado anakulazimisha kuvaa soksi mbili mbili? Mwambie asilegeze kamba. Sisi huku ni wazima, na safari hii nikisema wazima usidhani ni maneno ya barua tu. Nina pumzi, mdogo wangu! Leo nimepanda ngazi zetu zote na mfuko wa viazi begani, nikafika juu napiga mluzi.

Kaa vizuri nikusimulie. Kuna la kufurahia, na kuna ambalo lazima nikuombe radhi.

Pumu yangu unaijua tangu utotoni. Mwaka jana ilirudi kwa kishindo. Kila alfajiri naamka kifua kinalia filimbi, napapasa pampu ya dawa chini ya kitanda. Ajabu ni kwamba karakanani, ninakoshinda nikichana makochi ya watu yaliyojaa vumbi, sikupata taabu. Shemeji yako aliapa kwamba akinikuta bila barakoa atanishona mdomo kwa sindano yangu mwenyewe, basi naivaa. Nikajiuliza, sasa nyumbani kuna nini? Jicho likamwangukia Mwenyekiti.

Mwenyekiti ni paka wa Kitinda, binti yetu wa mwisho. Aliletwa baada ya wewe kuondoka. Jina alilipata kwa sababu hakuna kiti humu ndani ambacho hajakikalia, na ukimtoa anakutazama kana kwamba umevuruga kikao.

Daktari wa kifua, dada mmoja mwenye miwani na subira nyingi, aliniambia huenda ni mzio wa paka, huenda si paka. Nisubiri wiki tatu, nifanyiwe kipimo cha ngozi. Unanijua mimi na kusubiri. Siku ileile nilimtia Mwenyekiti kikapuni nikampeleka kwa mama mkwe, kule juu kilimani.

Weee! Kitinda alilia mpaka jirani wa chini akagonga mlango. Kesho yake akaacha kusema nami, tena kwa adabu zote. "Mama, mwambie Baba chai iko mezani." Nami nimekaa mbele yake! "Mama, muulize Baba kama kifua kimepona." Wiki tatu nzima, Kijiko.

Na kifua chenyewe hakikupona. Nikajitetea kwamba manyoya ya paka hubaki ndani ya nyumba miezi na miezi, jambo ambalo daktari mwenyewe alilisema, nikawatia wote kazini. Tukafua mapazia, tukakung'uta zulia, tukapiga deki mpaka chini ya kabati. Alfajiri, filimbi ileile. Sikufichi, niliogopa. Nilianza kuwaza nani atawalisha hawa nikishindwa kazi.

Siku ya kipimo ikafika. Shemeji yako alikuwa kazini, kwa hiyo Kitinda akanisindikiza, kimya kama karani. Daktari akanidondoshea matone mkononi, moja la paka, moja la mbwa, moja la chavua, moja la vile vijidudu vya vumbi visivyoonekana kwa macho, kisha akachoma kidogo kila tone. Tukangoja robo saa. Pa paka, ngozi laini kabisa. Pa vijidudu vya vumbi pakavimba kama kifungo cha kochi!

"Unalalia nini, baba?" daktari akauliza.

Nikakohoa kikohozi cha uongo. Ndipo Kitinda akafungua kinywa, bila kumtuma mtu. "Analalia mto wa bibi. Wa sufi. Una miaka mingi kuliko mimi na dada tukijumlishwa, na haruhusu uoshwe, anasema utapoteza harufu."

"Na kazi yako ni ipi?"

"Fundi makochi," nikasema.

Daktari alicheka mpaka akavua miwani. Mimi ambaye kila siku nawaambia wateja, "Mama, sponji hili limeshakufa, tupa," nilikuwa nalaza pua juu ya vumbi la miaka thelathini! Nikawa mdogo kama kidonge cha piritoni.

Sasa hapo ndipo penye radhi yako. Unakumbuka marehemu mama alivyoujaza mto ule ukawa mnene, ili niegemee nipate kupumua, na wewe ukalalia shuka lililokunjwa. Ulipokuwa unaondoka uliniomba mto huo, nikakunyima. Tukaagana nyuso zimekaza. Nimelijutia jambo hilo tangu siku ile, ila mdomo ulikuwa mzito.

Mto haupo tena. Niliufumua mwenyewe, nje, na barakoa usoni. Sufi imekuwa unga mtupu. Lakini mshono, Kijiko! Aliupitisha mara mbili, kwa mkono, na haukupinda hata kidogo. Mimi nimeshona miaka ishirini na mbili na sijafikia hapo. Nililia, na Kitinda akanishika bega.

Jana nilimfuata Mwenyekiti mwenyewe. Nilipanda kile kilima bila kusimama. Mama mkwe nusura anikatalie, amemnenepesha hata kikapu hakifungi. Kitinda akadai niombe msamaha mbele ya watu wote. Nikasimama, nikavua kofia, nikasema nilimsingizia. Mwenyekiti akapiga mwayo. Daktari ameonya kwamba pumu haijaondoka, dawa ya kila siku iendelee na pampu isitoke mfukoni, na paka asipande kitandani kwangu. Amekubali. Amehamia kwa Kitinda.

Shemeji yako anakusalimu, na dada mkubwa na Kitinda, anayetaka baba mdogo amtumie picha ya theluji. Mama mkwe anauliza unakula nini. Msalimie shemeji na wanao, Mungu awape usingizi mtamu na vifua vyepesi.

Mfuko wa ule mto wa mama niliuchemsha, nikauanika juani siku mbili, nikaukata katikati nikashona foronya mbili. Yako imo ndani ya kifurushi hiki. Nimekupa upande wenye ile kona uliyokuwa ukiitafuna ukiwa mchanga. Kiraka alichokitia mama hapo sikukigusa. Wewe tia sponji jipya, fua kila wiki kwa maji ya moto, ulale.

Wako akupendaye, na leo mwenye pumzi ya kulisema hilo,

Kaka yako, Fundi