Farasi wa Mbaraki na Vikombe vya Kahawa

Mjukuu wangu Zuhura,

Asalaam aleikum. Nyumbani hatujambo, ila nyanyako simu ikilia tu hushtuka, akidhani ni wewe.

Waniuliza ugeni huko uliko huzoeleka vipi. Nilipokuwa dereva wa lori Shimanzi, nilipeleka Tanga farasi aliyelelewa Mbaraki. Ndani ya feri ya Likoni alipiga mateke hadi lori likayumba, na watu wamejaa pembeni. Mara akapita muuza kahawa akigonga vikombe.

"Ondoka, utamtia wazimu!" nikamkemea.

Kumbe farasi kasimamisha masikio, katulia. Mlio ule aliusikia kwao kila alasiri.

"Gonga, ndugu yangu, usiache!"

Nikavinunua vikombe vyake vinne. Farasi akianza tu, nasimama nagonga, hadi mpakani Lungalunga.

Viwili nimekutumia. Viwili vimebaki hapa; kila alasiri navigonga mwenyewe.

Babu yako