Doa la Mafuta Jaladani

Kilindoni, Alhamisi

Na mimi kwa ujinga wangu nililifukiza udi, kama kanzu ya Idi, lile jarida langu la zamani la katuni kabla ya kulipeleka Dar likapimwe ubora na kupewa alama. Leo mtaalamu kanipigia: "Mzee, hili liliungua?"

Nikacheka. Kisha akasema jaladani kuna doa la mafuta. Akilisafisha, alama zitapanda.

Doa hilo ni kidole gumba cha marehemu kaka yangu Shomari. Alikuwa akishapaka nywele mafuta ya nazi, ananipokonya jarida, ananisomea kwa sauti ya kila mhusika.

"Usiliguse," nikamwambia.

"Baba Zuhura," mke wangu akadakia, "si ulitaka alama?"

Nilitaka. Lakini sauti zake zote zimekwenda naye, na gumba limebaki hapo tu.