Kilima cha Makuli

Dalian, Oktoba 1926

Kwa shemeji Cuiping,

Salamu kwako, kwa Baba, na kwa mwanenu mdogo Xing, ambaye nadhani sasa anakimbia. Mimi mwili wangu mzima. Shemeji, tafuta mahali uketi kabla hujaendelea kusoma, na Baba asiwe karibu.

Kaka Wanshan amefariki. Ni juzi asubuhi, kwenye ghala la mashudu ya soya, yale makapi yaliyokamuliwa mafuta. Kila shudu ni zito kama jiwe la kusagia, na huwa yanapangwa mpaka darini. Mvua ilikuwa imevuja, ya chini yakalainika. Kaka alikuwa ananitania, "Wanhe, unatembea kama bibi harusi, utazeeka na mzigo mgongoni!" Nikageuka nimjibu, na rundo lilikuwa limeshaanguka. Tulimchimbua kwa mikono. Hakusema neno la mwisho, nisikudanganye.

Tumemzika kilimani nyuma ya kambi, wanapolala makuli wenzetu wa Shandong, uso ukielekea kusini, nyumbani. Meli zinakataa maiti, na huko kwenu nasikia askari wa jenerali wameishika bandari ya Longkou. Baba umwambie wewe. Nilijaribu kumwandikia yeye, nikaichana barua.

Ni mimi shemeji yako,
Wanhe


Kijijini, Desemba 1926

Shemeji Wanhe,

Pole kwa huzuni uliyoibeba peke yako. Sisi tunapumua. Mtoto ana kikohozi kidogo, punda amepona mguu.

Baba nilimwambia akiwa anamlisha huyo punda. Alimaliza kumlisha, akafunga gunia. Kisha akauliza, "Uso wake umeelekea wapi?" Nikasema kusini. "Basi huyo mdogo wake ana akili," akasema, akaenda nyuma ya nyumba, na huko nikamsikia akilia.

Amesema hivi, nami naandika kama alivyosema: "Mwanangu hatakaa milele kwenye ardhi ya Mjapani. Miaka mitatu nyama ipumzike, halafu mifupa irudi kando ya kaburi la mama yake." Unajua mama alivyokuwa akimpenda yule.

Mama yangu mzazi naye amekuja na mshenga. Ati bado ni kijana. Nimemwambia sitoki nyumba hii kabla sijaona mume wangu amewekwa wapi. Nitalilia nini, maji ya bahari?

Shemeji yako,
Cuiping


Dalian, Februari 1929

Shemeji,

Heri ya mwaka mpya kwenu wote. Natumaini mmekula maandazi ya nyama mkashiba. Sisi tulipewa siku moja na samaki wa chumvi.

Jambo limetokea. Wanajenga gati jipya, na ili bahari ifukiwe wanahitaji udongo. Udongo ulio karibu ni kilima chetu. Reli imeshalazwa, na mabehewa yanapanda matupu na kushuka yamejaa. Nilimuuliza mzee Teng, nyapara wetu, Mshandong kama sisi.

"Na makaburi je?"

"Watatangaza."

"Lini?"

"Wanhe, unalipwa kubeba au kuuliza?"

Nimekwenda na sururu. Ardhi imeganda kama chuma, mpini umevunjika. Mbao za majina hakuna tena, watu wamezikokea moto kwa baridi. Mahali pake bado napajua. Teng anasema upande wa makaburi utakuwa wa mwisho, na theluji ikiyeyuka tu nitamtoa. Mwambie Baba asihangaike.

Shemeji yako,
Wanhe


Kijijini, Machi 1929

Wanhe,

Upokee salamu kwa haraka, barua hii inatangulia meli kwa siku chache tu. Baba anakuja.

Uliposema asihangaike, hakumaliza hata chai yake. Nikamwambia, "Baba, bahari hujawahi kuipanda." Akanijibu, "Wanshan naye hakuwahi, na akaipanda." Amechukua kitambaa chekundu cha kufungia mifupa na mikate ya mtama. Mpokee gatini. Treni hajawahi kuiona, lakini atajifanya haimshangazi. Usimcheke.

Shemeji yako,
Cuiping


Dalian, Juni 1929

Shemeji Cuiping,

Unisamehe kimya hiki kirefu. Baba yu hai. Nimeanza na hilo kwa sababu najua ulikuwa unaogopa.

Tulipopanda, kilima kilikuwa kimekatwa mpaka kiunoni. Walianza na upande wetu, na hakuna aliyetangaza. Baba alisimama akaangalia hewa. "Udongo umekwenda wapi?" Nikamwonyesha bahari.

Alifuata reli mpaka pale mabehewa yanapomwaga, akasimama mbele ya treni. Mhandisi Mjapani akaja na mkalimani. "Mzee, ondoka, treni haisubiri." Baba akasema, "Mwambie mimi namsubiri mwanangu. Yeye ana haraka ya nini?" Mkalimani alitazama chini, hakutafsiri. Polisi walimburuta. Aliporudi alikuwa hana meno ya mbele.

Ungedhani angepanda meli arudi. Alikwenda kwa Teng akaomba kazi ya kusambaza udongo, na Teng, nadhani kwa aibu, akampa. Tangu hapo yuko palepale ukingoni, anachambua udongo kwa vidole kama mtu anayechagua mchele. Mwanzoni vijana wa mabehewa walimcheka. Sasa wakiona mfupa wanauweka pembeni kabla ya kumwaga, na wengine wanavua kofia.

Chini ya kitanda changu kuna mitungi saba ya mifupa, mtu mmoja kila mtungi kadiri tulivyoweza kutenganisha. Yupi ni kaka, sijui, na Baba hajui. Nilimuuliza, "Baba, huyu ndiye?" Akanijibu, "Wote walibeba mashudu." Waliobaki wamefunikwa mawe, na juu yao winchi zinasimamishwa. Nimepangiwa kazi hapohapo. Baba anaondoka na meli ijayo, na mitungi yote.

Shemeji yako,
Wanhe


Kijijini, Septemba 1929

Shemeji Wanhe,

Salamu zetu, na afya tukuombee wewe zaidi kuliko sisi. Baba amefika na mitungi yake, anakohoa lakini anakula.

Wazee wa ukoo wamekataa. "Mifupa ya wageni haiingii makaburi ya akina Luan. Ukijua yupi ni wako, mlete huyo." Baba hakubishana. Tumewazika shamba la juu, wote kwa mstari, hivyo mwaka huu hakuna mtama pale. Mwenye shamba ananung'unika, mwache anung'unike.

Habari imesambaa. Juzi alifika mama mmoja kutoka wilaya ya Huang, kwa miguu. Mwanawe alikufa hukohuko kambini. Akauliza, "Wangu ni yupi?" Baba, unamjua hawezi uongo, akasema, "Mama, sijui."

"Basi nichague?"

Baba akanitazama. Nikaitikia kwa kichwa. Tukafukua, naye akapitisha mkono kwenye kila mtungi, polepole, kisha akaukumbatia wa mwisho. Wanhe, ndio ule niliokuwa naulilia mimi. Sijui kwa nini ule, moyo ulikuwa umeshaamua tu. Nikaufuta udongo, nikampa. Baba akaupakia juu ya punda, akamsindikiza yule mama hadi barabara kuu.

Huenda nimempa mume wangu. Huenda amepata mwanawe kweli. Mshenga nimemwambia asirudi tena. Wewe mkataba ukiisha njoo kwa miguu yako, usiniletee mtungi mwingine.

Walipoondoka niliirudisha mitungi iliyobaki nikafukia, nikachukua ufagio, nikafagia makaburi ya wale sita.

Shemeji yako,
Cuiping