Gari la Klachi la Mzee Gathuru

Cherotich, kama umesimama, keti kwanza. Niko ndani ya gari la Mzee Gathuru, nje ya kanisa letu hapa Mississauga, na sitoki.

Si unajua mimi na Ngugi tumebishana mwezi mzima kuhusu safari ya Ufaransa? Yeye anataka treni. Mimi nataka tukodi gari tuzunguke vijijini. Juzi akasoma kwamba magari mengi ya kukodi kule ni ya klachi. Nikamjibu, "Klachi? Na mimi nilijifunza kwa pikapu ya baba Eldoret!"

Leo baada ya ibada akamwomba Mzee Gathuru gari lake la klachi nijikumbushe kidogo. Hapa kwa parking. Mbele ya kina mama wote waliokuwa wakiandaa chai. WOTE!

Likaruka kama chura, likazima. Likaruka tena, likazima. Mzee anapiga kelele, "Achilia klachi polepole, mama!"

Nikatia gia ya kwanza. Cherotich, haikuwa ya kwanza.

Ilikuwa rivasi!! Nikarudi nyuma mpaka kwenye meza ya chai. Hakuna aliyeumia, lakini mandazi yako chini ya gurudumu. Mama Wairimu, kikombe bado mkononi, akasema tu, "Bwana asifiwe."

Na Ngugi hakucheka. Afadhali angecheka! Alikuja polepole, akainama dirishani, akaniuliza kwa upole kabisa:

"Mpenzi, kwenye treni ungependa kukaa upande gani?"