Jicho la Potwe

Jumapili, Tunduma. Mvua haijakatika tangu nilipotoka nyumbani Ikinga, viatu vyangu ni tope tupu, na moyo haujatulia.

Leo naandika jambo nililolificha wiki tatu nzima.

Nilikwenda Mafia likizo, nikaogelea na papa potwe. Hilo kila mtu analijua. Picha niliziweka humu humu kwenye ukurasa wangu, mkanipongeza. Hapa mpakani ninakofanya kazi ya uwakala wa forodha, tukisubiri malori yavuke kutoka Nakonde, nimesimulia mpaka dada anayetuuzia chai anayajua madoadoa ya mgongoni mwa potwe.

Lakini sikumwona.

Sisi wa milima ya Ileje maji tunayajua ya kuchota na ya kuvuka. Niliporuka kutoka kwenye boti, nimevaa jaketi okozi na miwani ya maji, kiongozi wetu akaninyooshea kidole chini. Nikaona kivuli kinakuja, kikubwa kama lori. Nikafanya nilichofundishwa nyumbani mtu ukizidiwa na hofu: nikafumba macho, nikasali. Na sala za kwetu ni ndefu, zinaanza na wagonjwa na wasafiri kabla hazijamfikia mwombaji mwenyewe. Niliposema amina, maji yalikuwa matupu.

Kiongozi aliuliza kama nimemwona. Nikasema nimemwona. Kila aliyeniuliza baadaye nilimjibu hivyo hivyo, na madoadoa niliyatoa kwenye picha za wenzangu.

Ningeendelea hivyo, kama si baba.

Baba analima kahawa, na bahari hajawahi kuiona. Habari za potwe alizisikia redioni, akazipenda kama mtoto. Siku ninaaga alinishika mkono akasema, "Niangalizie vizuri, mama, uje unisimulie."

Leo baada ya ibada tumekaa jikoni, nikamsimulia mkia, mdomo, madoadoa. Chai yake ilipoa hajaigusa. Kisha akauliza jicho lake likoje, kama la ng'ombe au kama la samaki wa kawaida.

Nilitafuta uongo wa kumpa, sikuupata.

"Baba, sijui. Nilifumba macho."

Nikaona aibu sana. Kazi yangu ni kuangalia, siku nzima nakagua namba za makontena na hainipiti hata moja, halafu kitu kimoja alichonituma baba nikaangalie, nimekiacha kipite. Baadaye akacheka taratibu, akasema kumbe tuko wawili ambao hatujamwona.

Aliponisindikiza kwenye bodaboda ndipo akauliza, huku anatazama pembeni, kama mzee asiyejua kuogelea anaruhusiwa kupanda ile boti.

Natamani kurudi. Natamani mno, mpaka kazini kalamu inasimama nikikumbuka kile kivuli kinavyokuja, kinavyokuja, halafu basi. Dakika moja tu ya kuvumilia, nami ningekuwa na jicho la kumpelekea baba.

Ana miaka sabini na minne na magoti yanamsumbua. Likizo yangu nyingine ni mwakani. Je, magoti yatanisubiri?

Nimemwambia ajiandae. Najijua, naweza kufumba tena. Safari hii baba ndiye ataniangalizia.