Shimo la Mama Chini ya Maji ya Lambo

Mama Pinky, shikamoo.

Najua wengi wanakuandikia habari za ndoa, na mimi ndoa yangu haina neno, ila nimeambiwa kabla hujaanza kujibu barua gazetini ulikuwa na studio ya picha pale Shinyanga mjini, ndiyo maana nimejipa moyo kukuletea shida yangu. Naomba usinicheke.

Mama yangu, Limi, anapoteza macho. Daktari amesema ni presha ya macho, kilichopotea hakirudi, na hicho kidogo kilichobaki huenda kisifike msimu ujao wa pamba. Nilimuuliza kuna kitu gani angependa kukiona, nikidhani atataja wajukuu, akanijibu, "Nataka nione shimo langu la kusagia."

Nyumbani kwetu Didia kulikuwa na mwamba mpana nyuma ya nyumba, na juu yake wanawake wa kaya walikuwa wanasagia mtama kwa jiwe la mkono, kila mmoja pake, mpaka mwamba ukaliwa na kuacha mashimo. La bibi lilikuwa refu na la kina, la mama lilikuwa pembeni yake, jipya kidogo, limepinda upande mmoja kwa sababu mama anatumia mkono wa kushoto. Mimi nimelala mgongoni mwake akisaga hapo, na mpaka leo nikifumba macho naisikia ile sauti, na bibi akimwambia asikaze mabega, na harufu ya unga ukiwa bado na joto la jiwe. Sasa mwaka ule wa mvua za El Nino lambo la kijiji lilifurika, na tuta lilipoinuliwa maji yakabaki palepale, nyumba ikayeyuka, sisi tukahamia juu, na mwamba uko chini ya maji hadi leo. Mtu mzima akisimama juu yake maji yanamfika mapajani.

Rafiki yangu wa utotoni, Sanket, ambaye baba yake mzee Lalji bado ana duka lenye televisheni pale Didia, alikuja likizo kutoka Kanada na kamera ndogo ya dijitali, zile zisizotumia mkanda, pamoja na kasha lake la plastiki lisilopitisha maji, akaniachia mpaka atakaporudi Desemba. Nikaona Mungu amenijibu. Nimeingia lambo saa sita mchana ili jua liwe kali, nikawasha taa ya kamera ili imulike vizuri, nikasimama mbali ili mwamba wote uingie, na picha zote zimetoka kama mtu amepiga uji wa ulezi wenye vinyota vyeupe. Saa hizo ndipo ng'ombe wa kijiji kizima wanaposhuka kunywa, lakini nilikuwa najisogeza upande wasiopo.

Na kuna jingine. Mimi huku Nyarugusu nina karasha la kusaga mawe ya dhahabu, na watu wa Didia wanalijua hilo, basi waliponiona ninazamisha kidude kinachotoa mwanga majini wakaamini ni mashine ya kupimia dhahabu. Siku ya pili nimekuta vijana wameingia lambo na sululu wanachokoa matope, na mmoja ananiuliza kwa siri mkanda wa dhahabu chini ya ardhi umeelekea wapi. Nilipomwambia natafuta shimo la mama yangu alicheka sana na kuniita mjanja.

Ile picha iliyo nafuu nilimwonyesha mama kwenye kioo cha kamera. Aliishika karibu na jicho, akakaa nayo, akasema, "Nimeona, mwanangu. Asante." Nikafurahi. Kesho yake mke wangu Violeth akaniambia mama alimuuliza taratibu kama kweli pale pichani palikuwa na kitu. Mama Pinky, nililia kama mtoto.

Sasa kuna mwamba mwingine kule Mwakitolyo, uko nchi kavu, una mashimo kama yale, na nimeanza kufikiri nikapige picha hapo nimpelekee, aridhike. Je, ni dhambi? Au kuna namna ya kupiga picha ndani ya maji machafu ikaonekana? Macho ya mama hayanisubiri.

Ni mimi Maduhu, Nyarugusu

*

Maduhu, marahaba.

Sikukucheka, isipokuwa pale kwenye ng'ombe. Wewe mtoto wa Kisukuma umezaliwa ukichunga, halafu unakwenda kupiga picha majini saa ya kunyweshea na unadhani ukijisogeza pembeni matope hayakufuati? Maji ya lambo ni mamoja.

Tuanze na Mwakitolyo ili tulimalize. Usiende. Mama yako amelisaga lile shimo kwa mkono wa kushoto kwa miaka yote ya ujana wake, na wewe unataka kumletea la mwanamke mwingine. Atalijua hata kwa hilo jicho lililobaki. Atasema tena "nimeona, asante", kwa sababu ndivyo alivyo, nawe utabaki na asante hiyo maisha yako yote.

Sasa kamera. Hiyo taa izime, uisahau. Majini inamulika matope yaliyo mbele ya kioo kabla haijafika kwenye mwamba, na hivyo vinyota vyeupe ni vumbi la udongo linalong'aa. Jua la saa sita linakutosha, hapo uliwaza vizuri. Nenda kwa mwenyekiti wa kijiji mwombe ng'ombe wanyweshwe ng'ambo ya pili, mbali kabisa na mwamba, tangu siku moja kabla hujaingia, ili udongo utulie. Na vijana wa sululu usiwakimbie, maana ukijificha ndiyo wanazidi kuamini. Waite, wape kamera mkononi, wajionee hizo picha za uji, kisha waambie ni mashimo ya akina nani. Wengi wao bibi zao walisagia mtama kwenye mwamba kama huo.

Ukiingia, usikanyage kanyage. Simama juu ya mwamba wenyewe, siyo kwenye matope, tulia mpaka maji yasahau kwamba umeingia.

Hapo ndipo penye kazi. Hata yakitulia, maji ya lambo hayawi meupe, kwa hiyo itabidi uyaondoe kati ya kamera na shimo. Chukua mfuko wa nailoni mzito unaopitisha mwanga, ule wa dukani wa kufungia sukari. Jaza maji uliyochemsha, ukayachuja kwa kitambaa na kuyapoza, funga bila kuacha hewa ndani. Ulaze juu ya shimo, ugandamize, halafu weka kasha la kamera juu ya mfuko. Maji machafu yatasukumwa pembeni, nawe utakuwa unatazama kupitia maji safi peke yake. Kamera uiweke kwenye alama ya ua, ile ya vitu vya karibu, kama ipo. Piga nyingi. Hazili mkanda, unabania nini?

Utaniambia mwamba wote hautaingia. Acha usiingie. Nimekaa chumba cha giza nikisafisha picha za watu wa Didia, wakija mjini baada ya kuuza pamba, na mashati yenye mikunjo ya dukani, na kila mmoja anataka baiskeli iingie, redio iingie, na ng'ombe kama ingewezekana. Marehemu mume wangu Kaushik alikuwa anawasogelea tu, na wakija kuchukua picha walikuwa wanalalamika baiskeli imekatwa, kisha wanatazama sura zao na kuagiza nakala ya pili. Siku zile nazikumbuka mpaka harufu ya dawa. Na wewe soma tena barua yako. Mama hakuomba mwamba. Aliomba shimo lake.

Picha usimwonyeshe kwenye kioo cha ukubwa wa stempu. Mtu ana presha ya macho, Maduhu! Kamera hizo zina waya wa kuchomeka kwenye televisheni. Mpeleke mama kwa mzee Lalji, mketishe karibu na televisheni, zimeni taa, fungeni mapazia. Asipoona, aseme hajaona, na wewe urudi majini. Mwambie hivyo kabla hujawasha, ili asikuonee huruma.

Jambo la mwisho ni la studio. Shimo peke yake halina ukubwa, linaweza kuwa bakuli, linaweza kuwa bonde. Kwa hiyo ukishapiga zile za kawaida, penyeza mkono wako chini ya mfuko, uulaze ndani ya shimo kama anayesaga, upige moja hivyo. Na uwe mkono wa kushoto.

Mama Pinky