Baba, Uliaga Mara Mbili

Baba, shikamoo.

Hali sikuulizi. Niko bandani kwetu, hapa Mpemba, na turubai la lori la shaba limelala miguuni pangu, pale lilipochanika ubavuni nimeshapashona. Dereva kaenda kutafuta chai. Nina nafasi kidogo, basi nimesema nikuandikie, wewe uliyekuwa huna subira na maneno mengi.

Watu wakiulizwa ulikufa na nini husema saratani, wakaishia hapo. Mimi naanzia kwenye kiu yako. Daktari wa Mbeya alikuwa ameshatueleza kwamba saratani imeingia kwenye uboho, ndani kabisa ya mifupa, na kwamba mifupa yako imekuwa myepesi. Ukoo mzima ukalishika hilo la wepesi, mengine wakayaacha palepale kliniki. Baba mdogo akavuka mpaka kwenda Nakonde, akarudi na kopo la vidonge vya chokaa, yaani kalsiamu, ili mifupa ikaze. Supu ya kongoro haikukauka jikoni. Ukilalamika mgongo, unapewa diklofenaki ya dukani. Kila aliyekupenda alikulisha kitu, na wewe ukazidi kuisha.

Ukaanza kunywa maji kama rejeta ya lori inayovuja. Choo kikafunga. Chakula ukakisusa, mchana kutwa ukawa unasinzia. Kisha maneno nayo yakapotea njia: ukaniita kwa jina la shangazi, ukanituma nikalete turubai la gari lililokufa kabla sijazaliwa.

Baba mdogo alisema huo ni mkono wa mtu. Mchungaji alisema mzee anafunga safari. Walitofautiana kwa hilo, lakini kwamba tukusanyike walikubaliana haraka sana. Tukajaa sebuleni Jumamosi mchana, nawe ukatuaga. Kaka ukamwambia asiuze kiwanja. Baba mdogo ukampa baiskeli yako, ile iliyoibwa zamani pale stendi. Maskini, akanyoosha mikono miwili akapokea hewa, akashukuru.

Zamu yangu ikafika. Unajua tulivyokuwa mimi na wewe. Tangu nimeshika sindano ya turubai, neno lako kwangu lilikuwa moja tu. Nashona, unakuja, unapitisha kidole juu ya mshono, unasema, "Fumua." Nafumua. Sikuwahi kukujibu, ila iliniuma, tena sana, na leo nakwambia. Sasa mbele ya ukoo wote ukaninyooshea kidole hichohicho ukasema, "Huyu, mshono wake haufumuliwi."

Wenzangu wakalia. Mimi sikulia. Nilikuwa nawaza kwamba nimesifiwa na mtu aliyetoka sasa hivi kugawa baiskeli isiyokuwepo.

Hapo ndipo nilipotaka urudi, Baba. Si kwa mapenzi peke yake, nisikudanganye. Nilitaka akili yako irudi nikuulize kama ulimaanisha. Nikakumbuka maneno ya daktari: mgonjwa wa namna hii akiwa na kiu kali, choo kikafunga, akachanganyikiwa, msingoje. Baba mdogo akanizuia mlangoni. "Mwache kaka yangu afie kwake," alisema. Nikamwambia dalili hizi zina dawa, na kama hazina, nitakurudisha mwenyewe ufie kwako.

Dereva mmoja Mzambia, mteja wetu, alikuwa anaelekea Mbeya. Tukakupandisha mbele, na Baba mdogo akapanda pia, shingo upande. Akakusalimia kwa Kibemba chao, "Mulishani, bashikulu," nawe ukaitika "Bwino" vizuri kabisa, mtu ambaye jina langu limemshinda. Nilicheka njia nzima, na Baba mdogo akaninunia njia nzima.

Daktari wa zamu, binti mdogo kwangu kwa umri, alipima damu akatueleza taratibu. Saratani inakula mifupa, chokaa yake inamwagikia kwenye damu. Ikizidi, figo zinaelemewa na akili inavurugika. Vidonge vya kopo viliongeza juu ya kilichokwisha kujaa, na zile diklofenaki ziliziumiza figo. Baba mdogo alikuwa na kopo mfukoni. Alitoka nje, akakaa juani, hakuna aliyemsema. Wewe ukatundikiwa dripu za maji, ukachomwa dawa ya kuizuia mifupa isimwage chokaa.

Baada ya siku chache ulifumbua macho ukauliza nani kafunga banda. Nikakuuliza kama unakumbuka maneno ya Jumamosi. Ukasema hukumbuki, ulisema nini? Nikajibu hukusema kitu. Niliona nikikutajia, utakubali kwa heshima tu, na heshima sikuwa na haja nayo.

Ukaishi tena, na dawa zikaja na vituko vyake. Steroidi za kutibu saratani zilipandisha sukari, zikakunyima usingizi, zikakufanya mgomvi kuliko Mungu alivyokuumba. Kinga ya mwili ilishuka, nasi tukajifunza kwamba ukipata homa hatuanzi na dawa ya malaria nyumbani, ni kukimbilia hospitali. Tulikimbia mara nyingi. Katikati ya mbio hizo ulikuwa unakuja bandani na mkongojo, unakaa kwenye kigoda, unapitisha kidole juu ya kazi yangu. "Fumua." Basi nikajua nimejibiwa, nikafumua.

Mwishoni figo zilikataa, madaktari wakasema dawa zimefika ukingoni. Ulichagua kurudi nyumbani, na safari hii akili ilikuwa yako yote. Tukajaa tena sebuleni. Baba mdogo akakuinamia. "Kaka, tuachie neno."

"Nilishasema."

"Lini, kaka?"

"Siku ya baiskeli."

Baba, habari ya baiskeli mimi sikuwahi kukutajia. Nimewauliza wote, mmoja mmoja. Baba mdogo ndiye aliyekuwa akiionea haya kuliko wote, ameapa hakufungua mdomo. Nikasogea nikakuuliza kama ulimaanisha yote uliyoyasema siku ile.

"Yote," ukasema. "Sasa nipe maji."

Nikakupa. Nilifurahi, Baba. Nilifurahi siku unakufa na sioni aibu, kilio kilikuja baadaye na kilinitosha.

Dereva karudi na chai yake, anataka kujua kama turubai liko tayari. Kabla sijamkabidhi nimepitisha kidole juu ya mshono, polepole, mwanzo hadi mwisho. Kuna mahali umepinda kidogo, wewe ungepaona.

Sifumui.

Pumzika, Mzee wangu.

Ni mimi, binti yako wa bandani.